Udi wa Safari ya Bibi

Kila Alhamisi jioni, kazi ya Samiha ilikuwa kuwasha chetezo. Alitia makaa, akaweka vipande vya udi, kisha akafukiza nguo za Bibi Fakhria za Ijumaa. Pale mtaani kwao Pangani, hapakuwa na mtoto wa darasa la sita aliyemshinda kufukiza, na mwenyewe alilijua hilo vizuri mno.

Alhamisi hii alizidisha. Jumapili alfajiri Bibi angekwenda Tanga mjini kuungana na kikundi cha umra, waende Makka. Samiha alilifungua begi kimyakimya, akatoa vazi jeupe la kuhirimia, ambalo Bibi angelivaa kwenye ibada, akalifukiza mpaka likakolea udi. Akalikunja na kulijaza asumini. Bibi alikuwa na mafua, hakusikia harufu yoyote. Samiha alicheka peke yake.

Jumamosi asubuhi alimsindikiza Bibi madrasa, kwenye somo la mwisho la wasafiri. Mwalimu Sadalla aliwakumbusha habari ya kuhirimia, yaani kutia nia na kuingia katika ibada. "Ukishahirimia, manukato basi. Na nguo yenyewe isiwe na udi wala uturi."

Kichwa kilimzunguka Samiha. Siku zote aliambiwa kunukia ni jambo jema. Watu hunukia msikitini, hunukia harusini. Iweje kwenye Nyumba ya Mungu wasinukie? Akisema, si atamwaibisha Bibi mbele ya wenzake? Na akinyamaza, nani atajua? Alichanganyikiwa, hakujua ashike lipi.

Akanyoosha mkono. "Shikamoo Mwalimu. Mtu akivaa nguo yenye udi bila kujua, umra yake inaharibika?"

"Marahaba. Haiharibiki, mwanangu. Asiyejua hana lawama."

Samiha akashusha pumzi. Kumbe Mwalimu hajamaliza. "Lawama ni ya anayejua akanyamaza."

Machozi yalimtoka. "Bibi, ni mimi! Nimelifukiza vazi lako. Nilitaka unukie!"

Bibi akapiga makofi. "Ala! Ndiyo maana jana jirani Kijakazi kaniuliza kuna harusi ya nani!" Wanawake wote waliangua kicheko, na Samiha akazidi kutojua kama amesamehewa au la.

Nyumbani alilifua vazi kwa sabuni ya kipande isiyo na marashi, akalisuuza, akalianika juani. Jioni Kijakazi aliitwa kuja kunusa, maana pua ya Bibi ilikuwa haifai kitu.

"Linanukia jua tu," akasema.

Bibi alimkalisha Samiha karibu yake. "Kule tunakwenda sote tukiwa waja wa Mungu, hakuna wa kunukia kumpita mwenziwe. Nikirudi, nifukizie nyumba nzima. Mapenzi yako nimeyaona, mjukuu wangu. Lakini jambo la mtu, muulize mwenyewe kwanza. Na ukikosea, sema mapema, kosa likiwa bado linafulika."