Aliyeitika Badala ya Bi Khole

Siku ya kwanza Apolinaria hakuona ajabu kubwa. Alisimama nje ya chandarua, finjani ya dawa mkononi, akaita kama alivyofundishwa, "Khole binti Hilali," na ndani ya chandarua sauti ikaitika, "Abee."

Sasa jamani, tangu lini mwanamke wa umri wa Bi Khole, mjane wa mtu mwenye jina lake, mwenye nyumba yake mtaa wa Ng'ambo, akamwitikia mtumishi "abee"? Abee ni ya mtoto kwa mama yake, au ya kijakazi kwa bibi yake. Siku zote Bi Khole aliitika, "Naam, mwanangu." Apolinaria alijiambia labda eda imemnyenyekeza bibi wa watu. Mkono ukatoka kwenye mkunjo wa chandarua, ukapokea finjani, ukairudisha tupu. Akaenda zake kuosha vyombo.

Vita vya Hitla vilikuwa vimekwisha, Mwingereza bado yuko bomani, na Apolinaria binti Alois hakuwa na mtu Tabora. Mumewe alipanda treni kwenda kukata mkonge pwani, akatuma salamu mara moja, basi. Kazi ya kuhudumia wagonjwa majumbani alifundishwa na Justus, dresa wa kituo cha dawa, yule anayefunga vidonda na kugawa dawa, mtu mkali asiyecheka hovyo.

"Ita jina kamili, mwenyewe aitike," Justus alimwambia alipomkabidhi chupa ya Bi Khole. "Hesabu matone kwenye mwanga. Usimwachie dawa kando ya kitanda. Na usibanduke mpaka umeona koo limeshuka. Haya ni matone ya moyo. Yakikosekana, mgonjwa anajaa maji mwilini. Yakizidi, moyo unasimama. Ukiwa na shaka kama umempa, usimpe tena. Njoo uniulize."

Yote aliyafuata, isipokuwa lile la koo. Bi Khole alikuwa ndani ya eda ya mumewe, nguo nyeupe, chandarua kimeshushwa mchana kutwa, na hakupenda kukodolewa macho katika msiba wake. Kwa hiyo Apolinaria alipokuwa akitoa dawa aligeuza uso pembeni. Ilikuwa heshima tu, na heshima hiyo ndiyo iliyowaponza.

Nyumba yenyewe ilikuwa kubwa, ya enzi za misafara, kuta nene, vyumba vingi visivyo na mtu. Hamdun, mtoto wa kaka yake Bi Khole, alikaa dukani mbele, na ikifika adhuhuri alifunga akaenda msikitini. Hapo walibaki wanawake wawili, mmoja ndani ya chandarua na mwingine nje. Hamdun alimwita Apolinaria "yaya", na majirani hawakumwita kitu. Bi Khole peke yake ndiye aliyelitamka jina lake lote, polepole, kama mtu anayekunjua kitambaa kizuri, na kwa ajili ya hilo tu Apolinaria angeweza kufanya kazi pale mpaka azeeke.

Wiki ile ile finjani moja ya maua ya buluu ilipotea kabatini. Halafu ukaanza mdondoko. Kila akishatoa dawa, nyuma ya ukumbi, kwenye chumba kilichopigiliwa mbao mlangoni tangu zamani, alisikia kitu kikidondoka, ti, ti, ti, polepole, kama tone likianguka ndani ya chombo. Kiangazi kilikuwa kikali, hata paa lilikuwa limesahau mvua. Na penye zile mbao palikuwa na harufu ya jasho lililokauka na kamba ya mizigo.

Siku moja Bi Khole alimwita kwa sauti ya chini.

"Apolinaria, mwanangu. Nimekukosea nini?"

"Hujanikosea kitu, Bibi."

"Mbona siku hizi huniletei dawa? Nikiamka mchana, mate yangu hayana uchungu wowote."

Apolinaria alimtazama miguu. Ilikuwa imevimba, ukibonyeza shimo linabaki. "Nimekupa, Bibi. Umeitika mwenyewe, ukapokea kwa mkono wako."

"Mimi nilikuwa nimelala." Bi Khole akaanza kulia kimyakimya. "Nipe basi. Kidogo tu. Usiku sipati pumzi."

Ee, mtihani. Chupa ilikuwa pale pale mezani. Kama bibi amesahau, basi akimwongezea atamuua kwa mkono wake. Kama hakusahau, basi anamwacha azame ndani ya maji ya mwili wake mwenyewe. Apolinaria aliifunga chupa, akajifuta machozi kwa ncha ya khanga, akatoka.

Hamdun alimkuta mlangoni. "Yaya, chupa inapungua na shangazi anavimba. Dawa anakunywa nani?"

Apolinaria akaenda kwa Justus, akamweleza yote, na Justus akauliza neno moja tu.

"Ulimwona akimeza?"

"Aliitika."

"Sijakuuliza hilo."

Kesho yake, adhuhuri, Hamdun akiwa ameshakwenda, Apolinaria alihesabu matone dirishani, akasimama mahali pake, akaita, "Khole binti Hilali." "Abee," ikajibu sauti, na mkono ukatoka, lakini safari hii hakugeuza uso, aliutazama, akaona kuwa kifundo chake kina kovu la kamba lililozunguka pande zote, na kucha zake zina vumbi jekundu la njiani, naye akiwa bado ameishika finjani akainua chandarua kwa mkono wa pili, taratibu, akamwona Bi Khole amelala akielekea ukutani, viganja vyote viwili chini ya shavu, akikoroma kidogo, na ule mkono wa tatu ukitokea kati ya kitanda na ukuta, mrefu, mrefu kupita mkono wa mtu, ukipita juu ya mwili wa bibi bila kumgusa, umekunjuliwa, unangoja. Hakukuwa na uso. Kulikuwa na pumzi tu, na ile harufu.

"Dawa yangu," ikanong'ona. Apolinaria akarudi nyuma hadi uani na finjani yake, bila kumwaga hata tone.

Hamdun alikuwa mtu wa biashara, si mtu wa mashetani, lakini aliporudi akasimuliwa, akaona jinsi mwanamke yule alivyoing'ang'ania ile finjani, hakubisha. Alimtuma mtu mtaa wa Isevya, na alasiri akaja Selemani, mganga mwembamba mwenye kikohozi. Selemani alifukiza ubani, akasoma alichosoma, akapeleka pua kwenye zile mbao. Alikaa hapo muda mrefu.

"Huyu hakuja," akasema. "Huyu aliachwa."

Ndani ya chandarua Bi Khole alishusha pumzi. Alikuwa amelijua jambo hili tangu utoto wake, akakatazwa kulisema. Zama za babu yake, alieleza, misafara ikipita hapa kutoka Ujiji, mpagazi aliyeugua aliwekwa chumba kile. "Waliambiwa, subirini hapa, dawa inakuja. Kisha msafara unaondoka, mlango unafungwa. Babu alikuwa akisema ni kwa ajili ya fisi." Akaongeza, "Nilipokuwa mdogo, mama akiita mtu yeyote humu, kuna aliyeitika kule nyuma. Tulizoea."

"Anaitikia jina lolote," Selemani akasema, "kwa sababu la kwake hakuna aliyelikumbuka. Mtu wa namna hii hafukuzwi kwa fimbo. Anafuata sauti ya anayempa dawa." Akamgeukia Apolinaria. "Ni wewe."

Walizing'oa mbao. Ndani mlikuwa na vumbi na kipande cha kamba, zaidi ya hapo hakuna. Apolinaria alitangulia na finjani tupu mkononi, akatoka ukumbini, akapita barabarani, akashika njia ya zamani ya Ujiji, akiita kila baada ya hatua chache, "Haya, twende," na Selemani kando yake akimkataza kugeuka. Watu waliwaona wawili. Yeye alisikia watatu. Wa tatu alikuwa pekupeku, akivuta mguu, akihema kama aliyebeba mzigo mzito. Nyumba zilipokwisha, miombo ikaanza, Selemani akamnong'oneza, "Mwambie akae. Mwambie lolote."

Apolinaria alikuwa na hofu na alitaka kurudi. Akasema lililomjia mdomoni. "Subiri hapa. Nitarudi na dawa yako."

"Abee," ikasema sauti nyuma yake, kwa shukrani.

Jioni ile alimsimulia Bi Khole. Bibi wa watu alimsikiliza mpaka mwisho.

"Ni maneno yale yale waliyoambiwa, Apolinaria."

"Sikuwa na mengine, Bibi."

Toka hapo aliinua chandarua kila siku, akakaa kitandani, wakatazamana uso kwa uso, na hakubanduka mpaka ameona koo limeshuka. Bi Khole alikunja uso kwa uchungu wa dawa na wote wawili wakacheka. Uvimbe ukapungua. Eda ikaisha, na binti yake Bi Khole aliyeolewa Mwanza akatuma mama yake aletwe. Pale stesheni Bi Khole alimshika Apolinaria mashavu yote mawili.

"Nani atakuita jina lako sasa, mwanangu?"

Apolinaria alicheka, kisha akalia treni ilipoondoka. Hamdun hakumhitaji tena yaya. Apolinaria alipanga chumba Isevya, akafua nguo za watu, na mara kwa mara aliukumbuka mwisho wa ile njia. Alikusudia kwenda, japo na kibuyu cha maji na neno la kusema samahani. Lakini kuna kazi, kuna jua, kuna woga, akajiambia kesho. Basi kiangazi kikapita hivyo.

Mvua za kwanza zilimletea homa. Majirani walikuwa mashambani, kila mtu na jembe lake, hata kuku hawakusikika uani. Alikuwa amelala kwenye mkeka, midomo imepasuka kwa kiu, mtungi uko mbali kama Ujiji, na jua limesimama utosini mwa nyumba. Akanusa jasho lililokauka. Akanusa kamba.

"Apolinaria binti Alois," sauti ikaita.

Alifumba macho. Alijua vizuri sana kwamba hapaswi kuitika. Alipoyafumbua, mkono ulikuwa umetokea kati ya mkeka na ukuta, wenye kovu kifundoni, nao umeishika finjani ya maua ya buluu, imejaa hadi ukingoni. Harufu ya dawa aliitambua mara moja. Ilikuwa dawa yote ya Bi Khole, ya adhuhuri zote zile, na hakuna tone lililonywewa.

"Nilisubiri," sauti ikasema, bila ugomvi, kwa huruma hasa. "Hukuja. Nikajua na wewe unaumwa, na hakuna mtu. Nimekuletea dawa."

Alitaka kumwita jirani, akakumbuka kwamba hajui hata jina la mmoja wao. Mkono haukutikisika. Finjani ilikuwa imefika karibu na midomo yake, baridi, na sauti ikaita tena, jina lote, polepole, kama alivyokuwa akiita Bi Khole, halafu ikangoja mwenyewe aitike.

Alikuwa amekaa muda mrefu mno bila kuitwa.

"Abee," Apolinaria akasema.

Na yule mwenye mkono hakubanduka mpaka ameona koo limeshuka.