Salamu ya Ng'wana Lushinge

Jumapili ile nilikuwa kwenye cherehani nikimalizia sare za kwaya, na mdogo wangu Donatus alikuwa amejilaza mkekani akisoma maoni ya watazamaji wake. Nyumba tuliyopanga hapa Shinyanga mjini iko karibu na reli. Treni ikipita, vikombe vinagongana kabatini. Labda ndiyo maana kijana huyu aliharibika mapema. Wenzake walipenda mpira, yeye alipenda treni.

Kazi yake ilikuwa kupanda kichwa cha treni pamoja na dereva, kufunga kamera kwenye kioo cha mbele na kurekodi njia nzima: reli, vichaka, ng'ombe, vituo. Kisha anakaa na kompyuta yake, anaweka sauti na kusimulia historia ya njia yenyewe, jinsi reli ilivyotoka Tabora ikapita kwetu hadi Mwanza enzi za Mwingereza, na vituo gani vilijaa marobota ya pamba ambavyo leo vina popo tu. Nilikuwa namtania kwamba anawaonyesha watu nyasi saa nzima na bado wanamshukuru. Lakini walimshukuru kweli. Wachimbaji wa dhahabu wa Rwamgasa walikuwa wakimtazama wakitoka shimoni, na mmoja aliandika kwamba ameona paa la kwao akalia. Nilijivunia mdogo wangu, sikatai.

Dereva aliyempandisha ni Mzee Athanas, rafiki wa marehemu baba yetu, mtu wa kunung'unika tangu asubuhi. "Kaa kimya, usiguse kitu," hiyo ndiyo ilikuwa namna yake ya kukaribisha.

Sasa, upande wa Kishapu kuna mahali palipokuwa na genge, yaani kambi ya wafanyakazi wa kutengeneza reli. Nyumba zote zimebomoka isipokuwa moja. Siku moja mchana treni ilipokaribia hapo, bibi mmoja alitoka nje amejifunga kanga safi. Akasogea hadi penye kokoto, akapiga magoti, akainamisha kichwa, midomo ikacheza. Mzee Athanas akapiga honi mara mbili, fupi fupi. Bibi akainuka, akarudi zake ndani.

"Yule ni nani?" Donatus akauliza.

"Ng'wana Lushinge. Binti wa Lushinge, mtu wa genge hapo zamani." Mzee hakuondoa macho kwenye njia. "Asubuhi moja baba yake alitoka kwenda kazini, mtoto kanuna, hakumwamkia. Kiberenge, kile kigari cha reli, kikapinduka na baba, hakurudi. Basi tangu utoto wake anaiamkia treni. 'Shikamoo, baba.' Na sisi tunamwitikia kwa honi. Nilifundishwa hivyo na aliyenifundisha kazi. Ukipita hapa bila kuitikia, umemtukana mtu."

Kamera ilinasa maneno yote hayo. Jioni Donatus alinisimulia, na mimi niliacha chakula nikamsikiliza.

Video ilipotoka nilidhani nimekosea kufungua. Honi hakuna. Sauti ya Mzee Athanas hakuna. Bibi anapiga magoti polepole, picha imevutwa hadi yakaonekana macho yake mekundu, na chini yake inagonga ngoma nzito. Juu pameandikwa: BIBI MCHAWI AROGA TRENI MCHANA KWEUPE.

"Si uliniambia anamwamkia baba yake?" nikamuuliza.

"Dada, ile ni ndefu. Watu hawana muda. Na honi wanailalamikia, inawaumiza masikio."

"Lakini umemwita mchawi."

"Ni kichwa cha habari tu."

Mtu aliyezaliwa kwetu hawezi kusema neno hilo ni kichwa cha habari tu. Kwetu kikongwe mwenye macho mekundu, mekundu kwa moshi wa kupikia kinyesi cha ng'ombe maisha yake yote, akibandikwa jina hilo, watu huanza kunoa mapanga. Donatus anajua. Mimi najua. Lakini video ilikuwa imeenea Kanda ya Ziwa nzima, vijana wakimsimamisha Donatus barabarani wapige naye picha, na mimi nikarudi kwenye cherehani yangu.

Wiki hazikupita nyingi, akaja mwanamke mlangoni, mwembamba, kafunga kilemba cheusi. Akanisalimia vizuri, akakaa pale nilipomwonyesha. Alisema anaitwa Juliana, anauza dagaa sokoni Mhunze, na Ng'wana Lushinge ni bibi yake mzaa mama.

"Sikuja kugombana," alisema. Aliongea chini chini hata ikabidi niinamie mbele. "Kisimani wanamwondoa kwenye foleni. Watoto wanarusha mawe kwenye bati. Kaka, wewe ulimsikia dereva akieleza. Waambie watu alichokuwa anafanya. Hilo tu."

"Nitarekebisha, dada," Donatus akasema. "Wiki hii hii."

Hakurekebisha wiki ile. Wala iliyofuata. Nilimkumbusha, akasema anasubiri video ipoe kwanza. Nikanyamaza, na kunyamaza kwangu huko nakuonea aibu hadi leo.

Nyumba ya Ng'wana Lushinge ilichomwa moto mchana, yeye akiwa ametoka kwenda kuiamkia treni. Nani aliwasha, hakuna aliyeona. Juliana alimchukua Mhunze. Bibi hakuugua; alikaa kwenye kiti, akauliza kama treni imepita, akaambiwa huku reli haipiti. Siku chache baadaye akafa pale pale kwenye kiti.

Donatus alifuta video jioni tuliyopata habari. Ilikuwa kazi bure, kwa sababu watu walikuwa nayo kwenye simu zao kutoka hapa hadi Geita.

Safari iliyofuata Mzee Athanas alimpandisha bila kumsemesha. Walipofika kwenye genge, mzee akapiga honi mbili kama kawaida, ingawa hapakuwa na mtu. Kulikuwa na majivu na ukuta mweusi. Donatus aliniambia hakuona kitu kingine.

Siku ya pili mchana alikuwa akiitazama rekodi ile, mimi nikiwa napiga pasi. Njia ikapita, vichaka vikapita. Genge likaja, tupu. Honi haikusikika. Mahali pake ikasikika sauti ya kikongwe, karibu sana, ya mtu aliyesimama ndani ya kichwa cha treni.

"Shikamoo, baba."

Nilidhani ni redio ya jirani. Donatus akarudisha nyuma. Ikasema tena, vile vile, kwa adabu, na mwishoni ikangoja. Hilo ndilo lililonitia baridi, kwamba ilingoja.

Akafungua rekodi nyingine, ya kituo cha Malampaka. Nayo ilikuwa na sauti hiyo. Akafungua ya mwaka juzi, ya wakati ambao yeye alikuwa bado hajamjua hata bibi mwenyewe. Treni ikaingia stesheni, abiria wakashuka na mizigo yao. Kisha: "Shikamoo, baba." Akazima kompyuta. Akachomoa waya. Akaiweka chini ya kitanda, akakaa juu ya kitanda.

Kesho yake nilifagia uwanja asubuhi kama kila siku, nikaenda sokoni. Niliporudi jua likiwa kichwani, nikakuta mbele ya mlango wetu alama mbili kwenye vumbi. Magoti. Zilikuwa zimeelekea ndani. Kati yake kulikuwa na kokoto nyeusi yenye grisi, na hakukuwa na nyayo za kuja wala za kuondoka.

Nilifagia. Siku iliyofuata zilikuwepo tena, zimesogea karibu na kizingiti.

Siku ya tatu nilikuwepo. Nilikaa sebuleni mlango wazi, jua jeupe uwanjani, kuku wa jirani anachakura. Kuku akaacha kuchakura. Akaondoka. Hapakuwa na mtu. Kwenye vumbi, mbele ya macho yangu, palizama kidogo, upande wa kushoto, kisha wa kulia. Kama mzee anavyopiga magoti, kwa tabu.

"Shikamoo, baba."

Donatus alikuwa nyuma yangu. "Dada, nimjibu?" alininong'oneza. "Nikisema marahaba, si nimekuwa baba yake?"

Kikongwe wa kumzaa mama yetu, yuko magotini kwa kijana ambaye ndevu hazijakomaa, na sisi tumejibana ukutani. Niliona aibu kabla sijaona woga. Woga ulikuja baadaye.

Tulikwenda Mhunze. Juliana alitusikiliza akiwa anapanga mafungu ya dagaa, wala hakuacha kupanga.

"Bibi hakuwa na salamu ya mtu mwingine," alisema. "Alikuwa anamsalimia baba yake, na baba yake alimwitikia kwa ile honi. Wewe ukaitoa honi. Watu wote waliomtazama, walimtazama akisalimia na hakuna anayeitika. Sasa anamtafuta wa kumwitikia, na aliyekaa kwenye nafasi ya honi ni wewe."

"Nifanye nini?"

"Yeye ni mkubwa, wewe mdogo. Wewe uliwahi kumsalimia?"

Donatus akatikisa kichwa. Alikuwa amempita mara nyingi juu ya treni, ameivuta sura yake, ameikata na kuiwekea ngoma, na hata siku moja hakuwahi kumwambia shikamoo.

"Basi nenda pale alipokuwa anapigia magoti," Juliana akasema. "Mchana, watu wakuone. Kama atakuitikia, hilo ni kati yake na wewe."

Tulikwenda mchana. Habari ilikuwa imetangulia, maana tulikuta watu wamesimama pembeni ya majivu, na wengine nina hakika waliujua moto ule vizuri. Walikuwa na simu mikononi. Donatus akasogea hadi kwenye kokoto. Kwetu mwanamume hapigi magoti kumsalimia mwanamke, na kuna kijana alicheka. Donatus akapiga magoti.

Treni ilisikika mbali. Upepo ukasimama.

"Shikamoo, bibi," alisema. Nilisikia vizuri, nilikuwa nyuma yake. Kisha akaeleza yote kwa sauti, baba Lushinge, kiberenge, honi, na kwamba yeye alijua haya tangu mwanzo akayakata. Alilia. Halafu akasema tena, "Shikamoo, bibi."

Tukangoja.

Mtu mzima akisalimiwa huitikia hata akiwa na hasira. Anaweza kukununia mwaka mzima lakini marahaba anakupa. Tulingoja hadi treni ikafika. Mzee Athanas akatuona, akapiga honi mbili. Mabehewa yakapita, moja, jingine, jingine, vumbi likatufunika. Lilipotulia nikaona. Mbele ya Donatus, karibu kabisa, kwenye majivu yaliyopeperukia pale, kulikuwa na magoti mawili yaliyomwelekea. Alikuwepo. Alikuwa amemsikiliza muda wote ule, uso kwa uso.

Halafu majivu yakajikwaruza na alama zile zikageuka. Zikampa mgongo.

Yule aliyecheka ndiye aliyekuwa wa kwanza kukimbia.

Tangu siku ile uwanja wetu uko safi. Rekodi ziko kama zilivyokuwa mwanzo, honi imerudi mahali pake. Donatus aliomba radhi kwenye video mpya, akaweka hewani maneno ya Mzee Athanas yote, bila kukata, na watu wachache wakayatazama. Niliamini tumesamehewa. Nikaanza hata kuimba kwenye cherehani.

Kisha mwenye nyumba akaja kulalamika kwamba mdogo wangu ana kiburi, anampita bila salamu. Nikamwuliza Donatus, akaapa kwamba anamsalimia kila asubuhi. Kanisani mzee wa kanisa akasema vile vile. Kwenye maoni ya ile video ya kuomba radhi watu wameandika: mbona unaanza tu, husalimii? Niliifungua nikatazama. Midomo yake inasema shikamoo. Ninaiona inasema. Hakuna sauti. Neno linalofuata linasikika bila shida.

Mama yetu anaishi Buseresere kwa kaka yake. Macho yake yalishakufa, watoto wake anawajua kwa sauti. Jana alipiga simu. Nikamsalimia, akaitikia, tukaongea habari za mihogo na mvua. Kisha akasema nimpe Donatus.

Niliweka simu juu ya meza, spika wazi. Donatus akapiga magoti kwenye saruji, akaiinamia. Niliona koo lake likipanda na kushuka. Mama alikuwa akisubiri. Donatus akasema tena. Mishipa ya shingo ilimtoka.

"Noela," Mama akasema, "nasikia mtu anatembea kwenye kokoto hapo. Nani huyo?"

"Ni Donatus, Mama. Anakusalimia."

"Sijasikia mtoto wa kunisalimia." Akangoja kidogo zaidi. "Mwambie sina kinyongo. Kama hataki kunipa shikamoo, basi, asijilazimishe."

Akakata simu. Donatus hakuinuka. Midomo yake iliendelea kucheza juu ya ile simu iliyozimika, na mimi nilikaa pale nikiitazama, kwa sababu sikuwa na pengine pa kuangalia.