Kiti cha Katarina

Jua la Ifakara lilikuwa utosini pale kompyuta ya Aurelia ilipogoma kwenye picha ya mia mbili na kumi na mbili. Tangu asubuhi ilikuwa ikipunguza ukubwa wa picha za kaya kwa mkupuo, kutoka kompyuta kuu ya mradi, ili zienee kwenye vitambulisho. Sasa ujumbe ulisema picha hii imefunguliwa na mtu mwingine.

Mtu mwingine yupi? Kompyuta zilizowaka zilikuwa mbili tu, yake na ya fundi Remigius, naye Remigius alikuwa mlangoni anatafuna muwa.

"Kaka Remi, umefungua picha?"

"Sijagusa kitu, dada."

Ya tatu ilikuwa ya Katarina, mpiga picha wao. Waya wake ulikuwa umelala sakafuni tangu mtumbwi ulipopinduka naye mwezi uliopita, na mwili haukuonekana mpaka leo. Remigius alikwenda kuitazama, akarudi akijifuta vidole.

"Haina umeme," alinong'ona. "Ila vibonyezo vimeloa."

Baadaye picha ikaachiwa yenyewe na kazi ikaendelea. Chumba kikabaki kinanuka tope la mto.

Kesho yake ilikwama picha nyingine. Alhamisi wadodosaji wa mradi, wanaopita nyumba kwa nyumba, wakaleta habari: katika nyumba ya picha ya kwanza iliyokwama, kule Mkula, mtoto alikutwa amekufa kitandani, nywele zimeloa chepechepe, na mvua haijanyesha. Nyumba ya picha ya pili, Kiberege, vivyo hivyo. Aurelia aliifungua orodha ya kaya. Picha zilipangwa kwa kufuata barabara, na barabara ilikuwa inakuja Ifakara.

Majuto ni mjukuu. Wiki mbili nyuma, Bibi Agnella, mama yake Katarina, alikuja na bakuli la unga. Kwao, aliyepotelea mtoni huitwa kila mahali alipozoea kukaa, asije akaendelea kukaa. Aurelia ndiye aliyemrudisha. "Subiri kwanza tumalize vitambulisho, mama," alimwambia kwa adabu zote.

Ijumaa mashine ikakwama tena, na Aurelia alipoitazama namba akaijua kabla hajaisoma, maana ilikuwa kaya yake mwenyewe, na pale kwenye kioo binti yake Omega wa miaka sita alikuwa anacheka na sare zake za shule, huku kiti kitupu cha Katarina nyuma ya Aurelia kikilia taratibu, kama kinavyolia mtu anapojisogeza karibu na meza.

Remigius alipanda baiskeli akamleta Bibi Agnella.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Kazi ya Katarina imekwisha? Niambie kweli, mwanangu. Aliyekufa hadanganywi."

Chini ya meza lilikuwa boksi la picha za kaya za kijiji cha Uchindile. Katarina alizipiga mwenyewe, na hata moja ilikuwa haijaingizwa kwenye kompyuta. Aurelia aliutazama uso wa mwanawe kwenye kioo.

"Imekwisha, mama."

Bibi Agnella alinyunyiza unga kwenye kiti na sakafuni. "Katarina," aliita kwa upole, "kazi imekwisha. Twende nyumbani."

Kiti kikanyamaza. Kwenye unga zikatokea nyayo, moja baada ya nyingine, mpaka mlangoni. Bibi akazifuata bila kugeuka, na picha ya Omega ikaachiwa. Aurelia alilia kwa furaha, hakuona haya.

Ndiyo maana hakumwona Remigius, maskini, akiinama na kulivuta lile boksi.

"Basi tuingize na hizi za Uchindile, tuzimalize," alisema, picha ya kwanza ikiwa tayari mkononi.

Harufu ya tope ilirudi. Aurelia alifungua kinywa amzuie, na mlango ukagongwa.

"Hodi, mama."

Ilikuwa sauti ya Omega. Alisimama kizingitini na begi lake la shule.

"Umekujaje peke yako?"

"Siko peke yangu. Anti Katarina kanifuata shuleni," mtoto alisema. "Anasema kumbe bado ana kazi."

Nywele zake zilikuwa zinadondosha maji.