Ini Sakafuni

Mama mdogo, anayemfuata mama yangu kuzaliwa, ni mkemia wa maabara ya kuchunguza sumu. Ukimuuliza kama haogopi kushika viungo vya maiti, hucheka. "Mwanangu, wanaonisumbua ni wazima. Wafu hawana makuu."

Jumanne hiyo, saa nne asubuhi, alifungua kasha la barafu lililoletwa na polisi. Ndani mlikuwa na chupa tatu: ini, figo, na vilivyokutwa tumboni mwa mwanamke mmoja mshona nguo. Mumewe, fundi magari, alisema mkewe alianguka kifafa akafa. Daktari aliyempasua hakuridhika. Taya lilikuwa limevunjika, na meno mawili ya mbele yamesukumwa ndani.

Mama mdogo alikata kipande cha ini, akakisaga, akakichuja, akaingiza maji yake mashineni. Haukupita muda mrefu, mstari kwenye skrini ukapanda kama mwiba. Dawa ya kuua wadudu wa mboga. Ya kutosha kumuua ng'ombe.

"Kifafa gani hiki?" alijisemea. "Huyu kanyweshwa."

Ndipo aliposikia kishindo mlangoni.

Fundi alikuwa amempasua mlinzi kichwa kwa spana ya magurudumu. Aliingia nayo ikichuruzika damu, akasema kwa upole kabisa:

"Shikamoo, mama. Nimemfuata mke wangu."

Mama mdogo alirudi nyuma. Spana ikamshukia begani, mfupa ukalia, akaanguka chini ya meza. Pigo la pili likavunja skrini. La tatu likafagia chupa zote. Ini likateleza sakafuni. Fundi akalikanyaga. Akalikanyaga tena, akilisaga kwa kisigino huku anahema.

Ghafla akatulia.

Mashavu yake yakabonyea. Upande huu vidole vinne. Upande ule kidole gumba. Mama mdogo aliyaona mashimo. Mkono hakuuona.

"Basi," fundi alinong'ona. "Basi, mke wangu."

Kinywa kikapanuliwa. Taya likavunjika, kwaa! Meno yakaenda ndani. Kisha akaanza kumeza. Koo likapanda, likashuka. Funda baada ya funda, na mbele yake hapakuwa na kitu. Povu likamtoka puani. Alirusha miguu mpaka kiatu kikavuka, akakata roho macho yakimtazama mama mdogo.

Maabara nyingine ilipima ini la fundi. Dawa ile ile, kiasi kile kile. Polisi wakaandika kwamba alikunywa kabla hajafika. Haya.

Mlinzi alinusurika, na bega la mama mdogo likaunga. Ila hospitalini, nesi alipomvua koti lake jeupe la kazini, aliuliza nani aliyelishona upesi hivyo. Pale spana ilipolichana, palikuwa pameshonwa kwa uzi mweusi, mishono midogo midogo, iliyonyooka. Na ncha ya uzi ilikuwa bado na mate, kama mtu amemaliza sasa hivi, akaukata kwa meno.