Alama kwenye Kadi ya Baba

Kila asubuhi Karani aliitoa baiskeli yake sebuleni kwa namna ileile. Gurudumu la mbele lilitangulia, bega likausukuma mlango, kisha sauti ya mama ikamfuata kutoka kwenye cherehani: "Angalia nguo za watu."

Sebule ile ilikuwa pia mahali pa kazi pa mama. Vitambaa vilikaa kwenye makochi mara nyingi kuliko watu, na mgeni alipofika ilibidi kwanza vitambaa vihamishwe. Karani alikuwa msichana wa miaka kumi na miwili. Jina hilo si la shuleni. Baba ndiye aliyempa, kwa sababu tangu alipojua kuandika, yeye ndiye aliyeandika kila jambo la nyumba ile: vipimo vya wateja wa mama, siku ya kubadilisha mtungi wa gesi, hata tarehe ya teksi ya baba kwenda sevisi. Kalamu yake ya buluu ilikaa kwenye nywele, tayari kwa kazi.

Baiskeli yake ilikuwa kuukuu, ya kurithi kwa binamu, na kengele yake ililia siku ikipenda. Lakini karibu na mlango ilisimama baiskeli nyingine, mpya na ndefu. Hiyo ilikuwa ya baba. Ilikuwa na mwezi mzima nyumbani, na matairi yake yalikuwa safi kama sahani. Siku hizi mama alikuwa ameanza kuitundikia kazi zilizokwisha. Asubuhi ile ilibeba magauni mawili na suruali moja.

"Baiskeli ya baba imependeza leo," Karani alisema.

"Angalau kuna anayeipanda," mama alijibu bila kuinua macho kutoka kwenye sindano. "Hata kama ni gauni."

Baba alikuwa dereva wa teksi. Alikaa kwenye kiti cha gari tangu jua halijachomoza mpaka linapozama, na mwaka ule tumbo lilikuwa limeanza kuufikia usukani kabla ya mikono. Kisha siku moja alipatwa na kizunguzungu akiwa anafunga kamba za viatu, akakaa sakafuni hapo hapo, akiwa ameshika kamba moja tu. Mama alimpeleka kliniki. Ilikuwa presha.

Muuguzi wa kliniki alimpa vidonge, na pamoja na vidonge akampa kadi yenye visanduku vidogo. "Siku nne kila wiki, nusu saa ya baiskeli," alisema. "Ukimaliza, weka alama kwenye kisanduku. Usipoendesha, kiache kitupu. Nani nyumbani kwako anaaminika kutunza karatasi?"

Baba alicheka. "Nina karani wangu."

Basi kadi ikakaa kwa Karani, ndani ya daftari lake la hesabu.

Ila baba alikuwa na wazo lake kuhusu baiskeli. Mara nyingi alikuwa amewapeleka wateja kwenye msitu ulioko nje ya mji, umbali wa dakika arobaini kwa gari. Huko kulikuwa na vijia vinavyopita kati ya miti, na watu walivizunguka kwa baiskeli wakiwa wamevaa kofia ngumu na glavu. "Baiskeli inaendeshwa kule," alisema. Akanunua baiskeli ile ndefu na chuma cha kubebea baiskeli, akakifunga nyuma ya teksi.

Jumamosi ya kwanza walifika. Karani hataisahau siku ile. Majani makavu yalilia chini ya magurudumu, kivuli kilikuwa baridi, na baba alipiga kelele ya furaha kwenye mteremko kama mtoto wa darasa la pili. Jioni baba aliyaosha matairi yake, na Karani akaweka alama ya kwanza, akaikolezea wino.

Jumamosi ya pili lori liliharibika katikati ya barabara. Walikaa kwenye foleni saa mbili, wakageuza. Jumamosi ya tatu, baiskeli zikiwa tayari zimefungwa, mteja alipiga simu akitaka kwenda uwanja wa ndege, na baba akazifungua tena. Ya nne mvua ilinyesha. Na siku za katikati ya wiki nani ana nafasi ya kwenda msituni?

"Kwa nini usianzie hapa mlangoni, baba?" Karani aliwahi kumuuliza. "Mimi huanzia hapa."

"Hapa? Mwanangu, barabara hii ina vumbi, ina mashimo, ina madereva wasiojali."

"Madereva wenyewe si ndio nyinyi?" mama alisema, na uzi mdomoni.

Baba alichungulia dirishani, kuelekea kwenye kona, ambapo fundi viatu alikuwa akigonga soli huku akizungumza na kila anayepita. Mtaa mzima ulimwita Redio, maana habari ikimfikia yeye imewafikia wote.

Jioni ya kuamkia siku ya kurudi kliniki, baba aliivuta kadi kutoka kwenye daftari. Visanduku vilikuwa kumi na sita. Alama ilikuwa moja.

"Karani wangu," alisema taratibu. "Hebu zitie hizo nyingine."

"Lakini hukuendesha, baba."

"Najua. Mwezi ujao nitafidia zote. Sitaki tu yule mama wa kliniki anitazame kama mtoto aliyekuja shuleni bila kazi ya nyumbani. Wewe mwenyewe unajua ilivyo."

Karani alijua ilivyo. Alimtazama baba yake, uso wake mpana uliochoka, na hakutaka mtu yeyote amgombeze. Akaitoa kalamu kwenye nywele. Alama ya pili aliiweka polepole. Ya tano ilikuwa rahisi kidogo. Kufikia ya kumi na sita, mkono wake ulikwenda wenyewe, wala hakuwa akifikiri tena. Jambo hilo ndilo lililomtisha baadaye, alipokuwa kitandani.

Kesho yake baba alimpitia shuleni, wakaenda kliniki pamoja. Muuguzi alikuwa mama wa makamo, na miwani yake ilining'inia shingoni kwa kamba. Aliuzungusha mkanda kwenye mkono wa baba, akapampu, akasikiliza. Akampumzisha dakika chache, kisha akapima mara ya pili.

"Mia moja sitini na nne, juu ya mia," alisema. "Imepanda. Vidonge unameza?"

"Kila siku."

"Na mazoezi?" Muuguzi alivaa miwani, akaichukua kadi. Alihesabu alama kwa ncha ya kidole. "Kumi na sita. Umejitahidi sana, baba. Sasa hapo ndipo ninapochanganyikiwa. Mtu anameza dawa, anaendesha baiskeli mwezi mzima, na presha inapanda?" Alivuta karatasi nyingine. "Basi mazoezi hayakusaidii. Itabidi nimweleze daktari, naona atakuongezea dawa, iliyo kali zaidi kuliko hii."

Baba alikuwa akizitazama funguo za gari mkononi mwake.

Karani alimtazama baba, kisha kadi. Akisema, atamwaibisha baba yake mbele ya mtu. Akinyamaza, baba yake atapewa dawa kwa sababu ya kalamu yake. Muuguzi alikuwa ameshaanza kuandika.

"Usiandike, tafadhali," Karani alisema. Sauti ilitoka ndogo, akarudia. "Tafadhali usiandike. Alama hizo ni zangu. Ya kwanza tu ndiyo ya kweli. Nyingine niliziweka jana, zote kwa pamoja."

Nje mtoto mchanga alilia, akabembelezwa.

"Mimi ndiye niliyemwambia," baba alisema. Alikuwa ameinamisha kichwa. "Asilaumiwe. Mtoto aliniambia hapana, mimi nikamshawishi."

Muuguzi aliweka kalamu chini. Hakukasirika, na hilo lilikuwa gumu zaidi kulistahimili. "Wahenga walisema, mficha maradhi..." alianza, kisha akamtazama Karani na hakumalizia. Lakini Karani aliijua methali ile. Walijifunza darasani. Alijua nani humuumbua mficha maradhi, na machozi yakamjaa.

"Vidonge endelea navyo vilevile," muuguzi alisema. "Daktari nitamweleza ukweli. Na kadi nakupa mpya. Mwezi mmoja, baba. Ila safari hii nipe mwezi wa kweli, hata ukiwa mbaya."

Ndani ya gari baba alikaa na ufunguo mkononi bila kuliwasha. Karani hakukumbuka kumwona akikaa hivyo.

"Umenikasirikia?" aliuliza.

"Wewe?" Baba alimpangusa shavu kwa kidole gumba. "Najikasirikia mwenyewe. Nilikupa mzigo wangu, nikausahau mgongoni kwako." Aliugeuza ufunguo kidoleni. "Nikwambie ukweli kuhusu ile barabara yetu? Si vumbi. Ni Redio. Nimeendesha gari mtaani pale miaka kumi na minne. Dereva wa teksi akionekana juu ya baiskeli, watasema gari limemfia. Kule msituni hakuna anayenijua."

Karani alifikiri. Alimkumbuka baba sakafuni, na kamba ya kiatu mkononi.

"Na waseme, baba," alisema. "Wakisema nawe ungali unawasikia, ni sawa. Mimi sitaki tu wakuseme ukiwa huwasikii tena."

Baba akawasha gari.

Asubuhi iliyofuata magauni yalihamia kwenye kochi. Baba alitaka watoke alfajiri, mtaa ukiwa bado umelala. Alilipitisha gurudumu la mbele kwanza, akausukuma mlango kwa bega, kama alivyomwona binti yake akifanya. Mama alishika mlango, akawaangalia kwa uso wa mtu anayezuia kicheko na kilio kwa wakati mmoja.

Walikwenda polepole. Kwenye shimo la kwanza baba aliyumba, la pili akalikwepa vizuri. Walipofika kwenye kona, Redio alikuwa tayari amekaa kwenye kibao chake, anapanga viatu.

"Loo, dereva," aliita. "Na gari je? Umeliuza?"

Karani aliona mabega ya baba yakikakamaa. Baba akabana breki, akateremsha mguu mmoja.

"Gari liko pale mlangoni, zima kabisa," alisema. "Safari hii mwenye gari ndiye aliyepelekwa sevisi."

Redio alicheka mpaka kiatu kikamponyoka. "Sevisi ndogo au kubwa?"

"Kubwa. Presha."

Kicheko kilipungua. Redio aliokota kiatu, akakipangusa. "Na mimi wameniambia hiyo hiyo," alisema chinichini, kwa sauti ambayo mtaa haukuwahi kuisikia kwake. "Mnapita hapa kila siku?"

"Siku nne kwa wiki."

"Basi nitawahesabia," alisema Redio, akarudi kwenye soli yake.

Wiki ile habari ilienea kama kawaida, ila haikuwa ile aliyoiogopa baba. Wateja waliingia teksini wakiuliza, "Sevisi inaendeleaje?" Asubuhi za mwezi ule walizunguka shule na kurudi, nusu saa kamili. Siku nyingine baba alimsindikiza Karani mpaka getini, kila mmoja kwa baiskeli yake. Siku moja mnyororo ulichomoka mbele ya kituo cha basi, na watu watatu wakamsaidia kuurudisha. Siku mbili mvua ilinyesha, hawakutoka. Siku moja baba alichoka tu, akasema kweli, "Leo nimeshindwa," na Karani akaacha kisanduku kitupu, ingawa kalamu ilimwasha mkononi.

Jumamosi moja, foleni ilipokuwa nyepesi, walikwenda msituni tena. Ilikuwa nzuri vilevile. Lakini safari hii baba hakuhema kwenye kilima.

Mwezi ulipokwisha, walikwenda kliniki kwa baiskeli. Muuguzi alipima mara moja, kisha, kwa kutoamini, mara ya pili.

"Mia moja arobaini na mbili, juu ya themanini na nane. Bado hatujafika tunakokwenda, lakini tumeshaianza njia." Aliichukua kadi. Ilikuwa na alama kumi na tatu na visanduku vitatu vitupu, na kwenye kona moja palikuwa na doa jeusi la mafuta ya mnyororo.

"Vitatu hatukuweza," Karani alisema haraka, kisha akamweleza jinsi baba alivyokuwa akitaka kuendeshea msituni tu.

Muuguzi alitabasamu, akaweka kidole juu ya kimoja cha vile visanduku vitupu. "Mwanangu, kadi ya kwanza ilijaa, na sikuweza kumtibu baba yako kwayo. Hii ina mapengo, na mapengo haya ndiyo yanayonifanya niziamini hizi kumi na tatu. Ukimpenda mtu, usimfichie udhaifu wake kwa anayeweza kumsaidia. Ile siku uliponizuia nisiandike, ndipo ulipoanza kumtibu." Kisha akampa Karani kadi mpya, akamgeukia baba. "Na wewe, baba, dawa uliyokuwa ukiifuata mbali ilikuwa inaanzia kwenye kizingiti chako."

"Nilikuwa nimeitundikia magauni," baba alisema, na wote watatu wakacheka.

Nje, baba alipanda baiskeli yake, na Karani akapanda yake. Tairi la baba halikuwa tena safi kama sahani. Lilikuwa na vumbi la mtaa wao.

"Karani," baba aliita, "tumeshaendesha robo saa kuja hapa. Si uweke alama ya leo kabisa?"

Karani aliigusa kalamu kwenye nywele zake, akaiacha hapo hapo.

"Bado, baba," alisema, akakanyaga pedali. "Hatujafika nyumbani."