Sauti Sikioni mwa Guilan

Guilan na mumewe Dehua walikuwa wakiuza supu ya tambi katika duka dogo karibu na soko mjini Suzhou. Mwaka jana sikio la kulia la Guilan lilianza kuvuma: fuu, fuu, fuu. Alidhani ni jokofu. Akamwambia Dehua alizime. Nyama ikaharibika, sauti ikabaki.

Dehua akasema ni mawazo tu. Guilan akawa halali vizuri, anakosea vyakula vya wateja, anagombana na kila mtu. Alitia mafuta ya ufuta sikioni. Hayakusaidia.

Jirani yao Meifen, muuguzi mstaafu, alikuja kunywa supu asubuhi moja. Akauliza sauti yenyewe ikoje.

"Inapiga, inaacha, inapiga," Guilan alisema.

"Hebu gonga meza vile inavyopiga."

Guilan akagonga. Meifen akamshika kifundo cha mkono, akasikiliza mapigo ya damu. Mapigo hayo na mlio wa mezani vilikwenda pamoja.

"Hiyo ni damu yako mwenyewe inayopita, mdogo wangu. Usitie tena kitu sikioni. Nenda hospitali, uwaambie sauti inakwenda na moyo."

Hospitalini walimpiga picha za kichwa na mishipa. Daktari akawaeleza kwamba nyuma ya sikio hupita mshipa mkubwa unaorudisha damu moyoni. Kati ya mshipa na sikio kuna ukuta wa mfupa. Ukuta wa Guilan ulikuwa umetoboka, na mshipa umetokeza pale kama uvimbe mdogo. Sauti ya namna hiyo ina sababu nyingi, na si zote huhitaji kisu. Ya Guilan ingeweza kutibiwa kwa kuurudisha mshipa mahali pake na kuziba tundu kwa mfupa. Alizitaja na hatari: kutoka damu nyingi, au damu kuganda ndani ya mshipa.

Dehua hakutaka. "Kelele haiui. Kisu kinaweza."

"Wewe huisikii," Guilan akamjibu. Akakubali kupasuliwa.

Siku ya upasuaji Dehua alikaa nje ya mlango bila kula. Guilan alipozinduka, kichwa kimefungwa bandeji, mumewe alimwinamia.

"Bado ipo?"

Guilan akafumba macho. "Haipo," alisema. "Usiongee kwanza. Niache nisikilize."

Alirudi kliniki kila alipoagizwa. Sauti haikurudi. Jumapili moja alilala mpaka jua likajaa chumbani, na Dehua, ambaye hakuwahi kufungua duka peke yake, hakumwamsha; alikwenda kulifungua mwenyewe.