Jiwe Ndani ya Nta

Siku Lugembe aliyoondoka moja kwa moja ilianza na jiwe juu ya meza.

"Hili," alisema Mzee Omari, mwenyekiti wa Umoja wa Warina, "limetoka Japani."

Watu waliojaa uani mwa ghala, pale Gongoni, Tabora, wakasogea. Wengi walikuwa warina asali wa Ipole waliotembea siku mbili kuitikia wito.

"Jiwe litoke Japani, mwenyekiti? Kwetu yamekwisha?" mmoja alitania. Wachache wakacheka.

Mzee Omari hakucheka. Kando ya jiwe aliweka nusu ya mkate wa nta, uliokatwa kwa msumeno. Katikati yake palikuwa na shimo, na kila mwenye macho aliona kwamba shimo na jiwe vilikuwa kitu kimoja.

"Wasomee, Mwalimu."

Mwalimu Justus alikunjua barua ya Kiingereza, akafasiri polepole.

"'Tumepasua mikate kumi. Sita ina mawe. Mzigo wenu wote tumeukataa, na makubaliano ya lori tumeyafuta. Tunawarudishia kipande kimoja mjionee wenyewe.'"

Kicheko kikafa.

Lori lile lilikuwa ndoto ya Ipole nzima tangu kijiji cha ujamaa kianzishwe. Tani ishirini za nta zingekwenda Osaka, na kutoka huko lingekuja lori jipya, la kijiji, si la mtu. Miaka miwili watu walikwea miti, wakaumwa na nyuki, wakaanguka. Wawili walivunjika migongo. Waliimba jina la lori hilo kabla hawajaliona.

"Mke wangu alifia kwenye machela, njia ya Sikonge," alisema Mayala, mrina mwenye mabega mapana. "Tumembeba maili arobaini. Mtoto ametanguliza mkono. Nikaambiwa, vumilia, lori linakuja."

"Mwenyekiti," alisema Mabruki, karani wa ghala, kwa upole, "geuza huo mkate. Chini kuna chapa."

Mzee Omari akageuza. Chini ya nta palikuwa na mshale uliovunjika na nukta mbili.

Mwamvita alikuwa mlangoni mwa ghala, sindano ya kushonea magunia mkononi. Baba yake, Shaban mhunzi, ndiye aliyeifua chapa ile. Na Mwamvita ndiye aliyekaa nayo.

Kwa warina wa Ipole, chapa ni mkono wa mtu. Mwanamume akiingia porini kwa msimu mzima, chuma chake cha kupigia chapa humwachia yule anayemtaka awe mkewe, kabla hata ya posa. Mwanamke akikipokea, amekubali. Akikitoa kwa mwanamume mwingine, hakuna anayemuuliza alitoa kwa sababu gani. Huhesabiwa kwamba amejitoa mwenyewe.

"Lugembe mwana wa Ngollo," aliita Mzee Omari. "Pita mbele."

Lugembe akapita. Alikuwa kijana mrefu, mikono yote makovu ya miiba ya nyuki na magome ya miti.

"Chapa ni ya nani?"

"Yangu, mzee."

"Na nta?"

"Si yangu. Mimi namimina kwenye kibuyu. Hiyo imemiminwa kwenye karai."

"Siku hizi nani hana karai?" Mayala alifoka.

"Ngoja, Mayala. Lugembe, ulikuwa porini miezi minne. Chuma chako kilikuwa wapi?"

Macho ya Lugembe yakapita juu ya vichwa vya watu, yakatua kwa Mwamvita kwa muda wa kupepesa, yakaondoka.

"Kilikuwa kwangu. Sikumwachia mtu."

Mwamvita alielewa. Posa ilikuwa haijapelekwa. Shaban, aliyesimama ukutani na kitambaa chake cha ngozi kiunoni, hakujua kwamba bintiye amepokea chuma cha mrina ambaye hata kusilimu hajasilimu. Lugembe alikuwa anamsitiri.

"Basi wewe ndiye muuaji," alisema Mayala.

Fimbo ya kwanza ilimpata Lugembe begani. Ya pili aliikinga kwa mkono, na mkono ukalia kama kuni kavu. Kisha hakuna aliyehesabu. Mzee Omari alipiga kelele, "Jamani, sheria! Jamani!" Wakamsukuma, akaanguka na meza yake.

Mwamvita alifungua kinywa. Pembeni ya sikio lake alisikia pumzi ya Mabruki.

"Nyamaza, binti Shaban. Ukisema ulinipa chapa ya mwanamume, watauliza ulinipa na nini kingine. Baba yako huyo pale."

"Uliniambia mikate minane ya Lugembe haikupigwa chapa! Uliniambia mabehewa yanapakiwa kesho!"

"Niliyasema hayo? Nani alisikia?"

"Kwa nini, Mabruki?"

"Nilipotaka kukuoa uke wenza ulicheka. Cheka sasa."

Lugembe alikuwa chini. Mtu alimkanyaga mbavu. Alijaribu kuinuka kwa goti moja, rungu likamrudisha. Mwamvita alimtazama baba yake, akamtazama Lugembe, akamtazama tena baba yake. Damu ilifika kwenye magunia.

Ndipo Mayala akainama akaokota lile jiwe.

"Chapa nilikuwa nayo mimi!" Mwamvita alipiga ukelele. "Mwacheni! Nilikuwa nayo mimi!"

Jiwe lilikwisha kushuka mara moja. Mayala alisimama, mkono juu.

"Unasema nini?" aliuliza Shaban.

"Aliniachia, baba. Tumeahidiana. Na mimi nikampa Mabruki, siku moja tu, aisaidie nta ya Lugembe iwahi meli."

"Ulimpa Mabruki chapa ya mwanamume?"

"Nilimpa chuma, baba. Chuma tu."

Shaban alimpiga kofi akaenda chini. Mabruki akacheka kwa sauti, watu wote wasikie.

"Hawara anamtetea hawara! Msikieni! Mtamwamini huyu?"

"Nipige, baba," alisema Mwamvita, mdomo umepasuka. "Nipige mpaka uchoke. Lakini waambie wamwache."

Sauti nyingine ikasikika langoni.

"Nipeni huo mkate."

Alikuwa Zamda, mke wa Mabruki, aliyeuza vitumbua pale nje kila siku. Aliingia na karai lake kichwani, akalishusha, akamwaga vitumbua vyote mchangani.

"Rudi kwenye biashara yako, mwanamke," alisema Mabruki.

"Biashara yangu ndiyo hii." Aliinua karai juu. "Tazameni ubavuni. Limebonyea. Alinirushia mwaka juzi, nikakwepa, likapiga ukuta. Siku moja nilirudi sokoni nikalikuta limeganda nta. Nikauliza, nikapigwa. Nikakoma kuuliza."

Akachukua nusu ya mkate, akautumbukiza. Ulikaa kama yai kwenye kiota. Palipobonyea karai, palibonyea nta.

Watu wakainama kutazama.

"Na nta yenyewe, safi, iko wapi?" aliuliza Mwalimu Justus.

"Imekwenda Kigoma kwa magendo. Muulizeni viatu vile kavinunulia nini."

"Zamda, nitakuua."

"Ulishajaribu."

Mabruki alikimbilia lango. Hakulifikia. Mayala alimpiga kwa lile lile jiwe mdomoni, meno yakatoka. Wengine wakamwangukia kwa fimbo zilizokuwa bado na damu ya Lugembe, kwa ghadhabu iliyozidi ile ya kwanza, kwa sababu sasa ilikuwa na aibu ndani yake. Askari walipofika walimtoa chini ya miguu ya watu akiwa na jicho moja.

Mwamvita alikuwa ameketi mchangani, kichwa cha Lugembe mapajani. Sikio la kushoto la kijana lilikuwa halionekani.

"Mwamvita."

"Niko hapa."

"Baba yako amesikia."

"Amesikia. Usiseme sana."

"Mimi nilikuwa nimeshasema. Nilisema kilikuwa kwangu."

"Najua. Nimechelewa, Lugembe. Nisamehe, nimechelewa."

Alimtazama kama mtu anayepima kitu. Hakuwa mtu wa kudanganya ili kumfurahisha mwenzake, hata siku ile.

"Umechelewa," alisema. Kisha: "Naomba maji."

Maji yalikuja kwenye kata. Alikunywa mafunda mawili. Walimweka kwenye machela ya gunia na miti miwili, Mayala akashika mbele, analia kwa sauti kama mtoto. Hawakufika hospitali.

Jioni Shaban alitoa nguo za bintiye nje, akaziweka juu ya jiwe la kufulia, akafunga mlango.

Siku ya pili yake bwana misitu aliwaazima gari kumpeleka Lugembe kwao Ipole. Kwa maiti, gari lilipatikana. Mwamvita alipanda nyuma, akakaa karibu na miguu yake. Hakuna aliyemzuia, wala aliyempisha.

Mama Ngollo, mama yake Lugembe, alimkuta Mwamvita uani baada ya maziko, watu wakiwa bado wamekaa.

"Mwangaluka, mama. Shikamoo," Mwamvita alimsalimu.

Hakuitikia.

"Wewe ndiye?"

"Ndiye mimi."

"Walimpiga kwa muda gani kabla hujasema?"

Wanawake waliokuwa wakichambua mchele wakaacha. Mwamvita angeweza kusema muda mfupi.

"Tangu fimbo ya kwanza mpaka jiwe, mama."

"Na ulikuwa unajua."

"Nilikuwa najua."

"Ulikuwa unamwogopa nani?"

"Baba. Na maneno ya watu."

"Sasa maneno ya watu yamekwisha?"

"Hayajakwisha."

Mama Ngollo alikwenda ndani, akarudi na mpini wa jembe. Alimpiga mgongoni, mikononi, kichwani, bila kutoa sauti, na Mwamvita hakukinga. Majirani walimshika mama huyo alipokuwa amechoka mwenyewe. Akauacha mpini ukaanguka, akaenda kuketi.

Mwamvita alikaa pale mpaka damu iliposimama. Kisha akainuka, akachukua mtungi uliokuwa tupu, akauliza njia ya kisimani kwa mtoto wa jirani, akaenda. Aliporudi aliutua pale alipoukuta. Hakuna aliyemtuma, wala hakuna aliyemfukuza. Kesho yake akaenda tena.

Mabruki alihukumiwa miaka saba. Zamda alirudi kwao Nzega na karai lake. Mayala alifungwa miezi kumi na minane, na alipotoka alihama Ipole bila kuaga. Osaka hawakuandika tena. Nta ya Ipole inauzwa Tabora kwa bei ya Tabora, na wagonjwa bado wanabebwa.

Mwaka huu ni wa nne. Mwamvita anaishi Ipole, kwa Mama Ngollo, nyumba ya tatu kutoka barabarani. Analima, anachota maji, anapika, na jioni yeye na Mama Ngollo wanakula sahani moja. Mama Ngollo hajamsemesha tangu siku ile.